Akiki Iliyokataa Kung'aa: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Ukataji Vito

Akiki ni jiwe la kuanzia. Ugumu wake ni 6.5 hadi 7 kwenye kipimo alichokibuni Friedrich Mohs mwaka 1812, haina mkato wa asili wa kupasukia kirahisi kama yalivyo baadhi ya mawe, huvumilia joto la wastani, na ukiifuata hatua kwa hatua mwishowe hung'aa tu, haina ujanja. Kwa hiyo ikigoma, hakuna haja ya kulilaumu jiwe. Ipo hatua iliyorukwa, na kazi ni kuitafuta.

Kisa hiki ni cha aina inayojirudia sana kwa watu wanaokata vito ili wapumzike, si kutafuta riziki. Hakina la ajabu. Tumekichagua kwa sababu makosa yake yameshikana, moja likizaa jingine, na yote yametokana na jambo dogo ambalo mhusika hakulihesabu kuwa kosa.

Kilichotokea

Mhusika ni mwanagenzi anayeshinda mbele ya kompyuta na aliyetaka kazi ya mikono ya jioni. Ana mashine ya mezani yenye magurudumu sita ya almasi, kila moja kipenyo cha sentimita 15. Mawili ya kwanza ni magumu, ya chuma, namba 80 na 220 (namba ikiwa ndogo, chembe zinazokata ni kubwa). Manne yanayofuata ni laini, ya rezini, namba 280, 600, 1200 na 3000. Mwishoni kuna kisahani cha ngozi cha kung'arishia kwa unga wa oksidi ya seriamu uliokorogwa na maji. Mawe yake mawili ya kwanza yalikuwa madogo na yalimpendeza. La tatu alitaka liwe kidani cha fedha: kaboshoni, yaani jiwe lenye kuba juu na kitako bapa, umbo la yai, milimita 25 kwa 18, kutoka kwenye bapa la akiki yenye michirizi lenye unene wa milimita 6.

Jioni ya kwanza alilikata bapa kwa msumeno, akalichonga kwa namba 80 hadi kwenye mstari aliouchora kwa kiolezo, akatengeneza kuba kwa gurudumu lilelile. Kwa kuwa alikuwa na hamu na mkono umechangamka, alikata pia utepe wa fedha wa kulizunguka jiwe, akauunga, akaulehemu kwenye bamba lake. Jioni ya pili alipitisha jiwe kwenye magurudumu matano yaliyobaki kwa muda usiofika saa nzima. Kila alipolitazama lilikuwa linang'aa. Kwenye ngozi ndipo mambo yalipoharibika: jiwe lilipokauka, kileleni kulikuwa na doa la ukungu la upana wa milimita 4 hivi, na karibu na ukingo mistari mifupi mingi imelala upande mmoja.

Akakandamiza. Jiwe likapata moto, nta iliyolibandika kwenye kijiti cha kulishikia ikalegea, jiwe likachomoka na kugonga ukuta wa beseni, ukingo wa chini ukamegeka kidogo. Jioni ya tatu alilibandika tena harakaharaka, akasaga ukingo wote kuondoa pale palipomegeka, akarudi kwenye ngozi. Doa liko palepale. Akaamua hivyohivyo linatosha, akalitia kwenye bezeli, yaani ule ukosi wa fedha unaolishika jiwe. Likacheza ndani kama jino bovu. Alipoanza kulibana upande mmoja, utepe ukajikunja. Hapo aliacha, na kwa wiki kadhaa hakuigusa mashine. Kazi iliyokuwa inampumzisha imegeuka deni.

Makovu mawili, si moja

Mwanagenzi aliona tatizo moja: "hakung'ai." Ukilishika jiwe lile chini ya taa moja ya pembeni, likiwa kavu, na kulitazama kwa lenzi inayokuza mara 10, unaona makovu mawili tofauti yenye asili tofauti.

Tuanze na doa la kileleni. Ndani yake kuna mistari myembamba iliyopinda kidogo, yote ikienda sambamba kama sehemu za duara kubwa. Hiyo ni alama ya msumeno wa duara. Maana yake ni kwamba kile kiduara cha milimita 4 hakijawahi kuguswa na gurudumu lolote gumu. Ni uso wa bapa uleule wa siku ya kwanza. Wanaoanza huchonga kuba kutoka ukingoni kwenda juu, wakiogopa kupunguza unene, na kileleni wanapapitia juujuu. Magurudumu laini nayo hujibonyeza kufuata umbo la jiwe, kwa hiyo yatalainisha kile kiduara lakini hayatakiondoa. Mwanagenzi alidhani ni yeye aliyekitia kwa kukandamiza. Sivyo. Kilikuwepo tangu mwanzo, yeye hakukiona tu.

Njia ya kukikamata mapema ni rahisi. Likaushe jiwe, lishike chini ya taa ndefu ya mrija au karibu na dirisha, uligeuze taratibu. Mwakisiko wa taa unapaswa kuteleza juu ya kuba bila kukatika. Pale mstari wa mwanga unaposita, kuvunjika au kuruka, pana ubapa. Kama jiwe bado halina mng'ao wa kuakisi, paka kuba yote wino wa kalamu ya kudumu, kisha pitisha kwenye namba 220 kwa mizunguko michache: wino utabaki mahali pasipoguswa. Kwa akiki isiyo na vinyweleo wino hutoka kwa spiriti. Kwenye feruzi au jiwe lolote linalonywa maji usijaribu, wino utaingia ndani na hautatoka.

Kuba yenyewe haichongwi kwa kuzungusha jiwe ovyo hadi litokee. Kwanza acha ukuta wima wa milimita 1.5 kuanzia kitakoni, usiuguse tena. Juu ya ukuta huo kata ukanda wa mshazari wa nyuzi kama 45 kuzunguka jiwe lote. Kisha kata ukanda wa pili, uliolala zaidi, juu ya ule wa kwanza. Ukibaki na kiduara kidogo bapa kileleni, ndipo unaanza kuvunja kona zilizo kati ya kanda kwa mwendo wa kubembea, kutoka ukingo mmoja kupita kileleni hadi ukingo wa pili, bila kusimama. Ukisimama hata nusu sekunde kwenye gurudumu gumu, umechonga ubapa mpya. Kilele ndicho cha mwisho kuguswa na namba 220, lakini lazima kiguswe.

Kovu la pili, ile mistari ya karibu na ukingo, lina habari ndefu zaidi.

Jiwe likilowa hudanganya

Mwanagenzi alilitazama jiwe kila alipobadilisha gurudumu. Tatizo ni kwamba alilitazama likiwa limelowa.

Mkwaruzo huonekana kwa sababu mwanga unapotoka hewani kuingia kwenye jiwe hupinda na kutawanyika kwenye kila ukingo wa mfereji. Kipimo cha kupinda mwanga cha akiki ni takribani 1.54, cha hewa ni 1.00. Tofauti ni kubwa, mkwaruzo unaonekana. Maji ni 1.33. Yakijaa ndani ya mkwaruzo, tofauti inapungua na mfereji unapotea machoni. Utando wa maji juu yake nao ni laini na unaakisi taa vizuri. Ndiyo maana akiki yenye mikwaruzo ya namba 220 inaweza kuonekana imekamilika ikiwa imelowa, na kufa rangi mara tu unapoifuta.

Sasa tazama ukubwa wa chembe zinazokata. Chembe za namba 80 zina upana wa takribani mikroni 180. Mikroni 1,000 ni milimita moja. Za namba 220 ni kama 65. Za almasi ya namba 600 ni takribani 30, za 1200 ni takribani 15, za 3000 ni mikroni chache tu. Kila gurudumu lina kazi moja: kufuta mifereji ya gurudumu lililotangulia na kuacha yake, yenye kina kifupi zaidi. Mfereji wa namba 80 ukifika kwenye 600, hautaondoka. Utalainishwa kingo zake, utaonekana mwembamba, na utakungoja kwenye ngozi. Oksidi ya seriamu haichongi mifereji. Inang'arisha uso ulio tayari. Kukaa kwenye ngozi saa nzima kunang'arisha pia mikwaruzo.

Kuna na jambo lililo chini ya uso. Namba 80 hailichani jiwe tu, inalivunjavunja: chini ya kila mfereji kuna vijiufa vidogo vilivyoingia ndani zaidi. Mwanagenzi alichonga kwa namba 80 hadi kwenye mstari wenyewe, kwa hiyo ukuta na ukingo vilibaki na vijiufa ambavyo namba 220 haikuwa na nafasi ya kuviondoa bila kuvuka mstari. Mistari mifupi ya karibu na ukingo ndiyo hiyo. Namba 80 iache milimita moja nje ya mstari. Iliyobaki ni ya 220.

Na mstari wenyewe uchorwe kwa kipande cha waya wa alumini au shaba ya njano kilichonolewa ncha, si kwa kalamu. Waya huacha alama isiyooshwa na maji, wakati wino huisha kabla hujafika nusu ya mzunguko, na hapo ndipo watu huanza kubahatisha.

Ukaguzi unaofaa unachukua kama dakika moja. Futa jiwe kwa kitambaa, subiri likauke kweli, lishike chini ya taa moja (taa nyingi hufuta vivuli), ligeuze polepole, hasa eneo la kilele na lile la juu kidogo ya ukuta, maana ndiko mikwaruzo inakobaki. Kila ukihamia gurudumu jipya, geuza jiwe robo mzunguko ili mistari mipya ikatize ile ya zamani. Kwa njia hii hukisii: mistari ya upande wa zamani ikiwa bado ipo, hujamaliza, rudi. Tena usiendelee na gurudumu ulilopo kwa matumaini. Rudi kwenye gurudumu linaloweza kuiondoa.

Kwa akiki ya ukubwa huu, kwa kukadiria, namba 220 itakula dakika 10 hadi 15, namba 280 vilevile au zaidi, 600 kama dakika 10, 1200 na 3000 dakika tano tano. Namba 280 ndiyo ya kukaa nayo. Ndiyo gurudumu laini la kwanza, linafuta vibapa vidogo vilivyoachwa na magurudumu magumu, na anayelikimbia hulipa baadaye. Hata hivyo saa si hakimu, jiwe kavu ndilo hakimu.

Kabla ya kufunga habari ya mikwaruzo, tofautisha. Mistari mingi iliyolala upande mmoja ni hatua iliyorukwa. Mkwaruzo mmoja mrefu, mpya, unaojitokeza ghafla kwenye 1200 au kwenye ngozi ni mgeni: chembe ya namba 80 iliyokwama chini ya kucha, kwenye nta, kwenye kitambaa, au iliyoletwa na maji yanayorudishwa kwenye magurudumu yote kutoka beseni moja. Nawa mikono na brashi ya kucha kati ya namba 220 na 280, osha na kijiti chenyewe, na kila gurudumu lipate maji safi. Kisahani cha ngozi kikae kwenye mfuko uliofungwa kisipotumika. Katika kisa hiki mgeni hakuwepo.

Nta, joto, na ukingo mkali

Jiwe kuchomoka kwenye kijiti kulikuwa na sababu mbili zilizokutana. Kwanza nta ilibandikwa kwenye jiwe baridi. Nta ya kazi hii hulainika karibu na nyuzi 70 za Selsiasi. Ikikutana na jiwe baridi huganda kabla haijashika, inakaa juu kama kofia. Jiwe lenyewe ndilo la kupashwa, polepole, juu ya bamba lililo juu ya taa ya spiriti au kwenye jiko dogo la umeme. Weka kipande kidogo cha nta juu ya jiwe: kikianza kuyeyuka chenyewe, jiwe liko tayari kupokea kijiti. Kabla ya hapo kitako kiwe kimeoshwa kwa spiriti. Mafuta ya vidole yanatosha kuharibu kila kitu. Nta isambae hadi milimita 2 hivi kutoka ukingoni, isivuke, la sivyo utasaga nta na kuziba gurudumu.

Opali usiipashe moto kabisa, wala jiwe lolote lenye nyufa. Hayo hubandikwa kwa gundi kali na kutolewa kwa asetoni. Akiki iliyo kwenye nta hutoka kirahisi ukiitia na kijiti chake kwenye friza kwa dakika 15: nta na jiwe husinyaa kwa viwango tofauti, vinaachana kwa kubofya kidogo.

Sababu ya pili ni mkandamizo kwenye ngozi. Ngozi ya kung'arishia hufanya kazi vizuri zaidi inapokaribia kukauka, na hapo jiwe huanza kuvutwa na joto hupanda kwa sekunde. Ndiyo sehemu tamu ya kazi, na ndiyo ya hatari. Gusa, vuta, ondoa, gusisha jiwe kwenye mdomo wa chini au nyuma ya mkono. Likiwa la moto, pumzika. Kisahani hiki kizunguke polepole kuliko magurudumu ya kusagia, ambayo kwa kawaida hukimbia karibu mizunguko 1,750 kwa dakika.

Kumegeka kwa ukingo wa chini hakukuwa bahati mbaya. Ukingo kati ya ukuta na kitako ulikuwa mkali, pembe mraba. Kona ya namna hiyo kwenye akiki humegeka hata ikigongana na meza. Kabla ya kulitoa jiwe kwenye namba 220 kona ile huvunjwa kwa mshazari wa nusu milimita kuzunguka kitako chote. Inachukua dakika mbili. Tena itahitajika baadaye, kwa sababu ndani ya bezeli, pale utepe unapokutana na bamba, kuna mstari mdogo wa lehemu uliotuna, na jiwe lenye kona kali hukaa juu yake badala ya kukaa kitako.

Hesabu ya bezeli

Hapa ndipo kosa la jioni ya kwanza lilipoibuka tena likiwa limevaa nguo nyingine.

Umbo la yai la milimita 25 kwa 18 lina mzingo wa milimita 68. Utepe wa fedha wenye unene wa milimita 0.3 unahitaji kuongezewa unene wake mara 3.14, yaani karibu milimita moja, kwa sababu unalizunguka jiwe kwa nje. Urefu sahihi ni milimita 69, na ndio mwanagenzi alioukata. Hesabu yake ilikuwa safi. Lakini alipousaga ukingo kuondoa pale palipomegeka, jiwe lilishuka hadi takribani 24.5 kwa 17.5. Mzingo wa jiwe hilo ni milimita 66.4, na utepe wake ni 67.4. Nusu milimita kwenye urefu na nusu kwenye upana haionekani kwa macho, ila kwenye utepe ni milimita 1.6 za ziada zisizo na pa kwenda. Fedha ikisukumwa ndani na haina jiwe la kuegemea, hujikunja.

Bezeli haipimwi kwenye mchoro wala kwenye kiolezo. Inapimwa kwenye jiwe lililokwisha kung'arishwa, kwa kulizungusha utepe wenyewe na kuweka alama pale ncha zinapokutana. Kata, piga tupa ncha zote mbili hadi zikutane bila mwanga kupita, maana lehemu haizibi pengo. Kiungo hicho hufungwa kwa lehemu ngumu, inayotiririka karibu na nyuzi 770, ndipo utepe uunganishwe na bamba kwa lehemu laini zaidi, ya karibu na nyuzi 710, ili kiungo cha kwanza kisifunguke. Fedha tupu ya utepe huyeyuka kwenye nyuzi 961, lakini bamba la fedha 925 (sehemu 925 za fedha kati ya 1,000) huanza kulegea kwenye nyuzi 800 na kidogo, kwa hiyo moto uelekezwe kwenye bamba kutoka pembeni na chini, usichezee utepe mwembamba. Baada ya moto, kipande kikae kwenye maji ya asidi ya limau ya vuguvugu hadi weusi utoke, na kitolewe kwa koleo ya shaba au ya plastiki. Ya chuma hukitia kipande rangi ya shaba.

Kimo cha utepe kipite ukuta na kufika pale kuba inapoanza kuinama, si zaidi. Kwa ukuta wa milimita 1.5, utepe wa milimita 2.5 hadi 3 unatosha.

Unapojaribisha jiwe, pitisha uzi wa kusafishia meno chini yake kwanza. Bila uzi, jiwe lililotosha vizuri litaingia na halitatoka, na hujamaliza kusafisha. Ukiwa na uzi, unauvuta tu, jiwe linatoka.

Utulivu ulitoka wapi, ukaenda wapi

Watu wanaozungumzia vito kama dawa ya msongo hutaja sauti ya maji, rangi za mawe, mdundo wa gurudumu. Ni kweli kiasi. Lakini sauti ya maji ilikuwepo jioni zote tatu, na jioni ya tatu haikumsaidia mtu.

Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi, aliyeanza kuandika juu ya hali ya kuzama kazini katika miaka ya 1970, alitaja masharti ambayo mkata vito yeyote atayatambua: lengo lililo wazi, jibu la papo kwa papo kuonyesha unaendaje, na ugumu unaolingana na uwezo wako. Ukataji vito hutoa yote matatu kwa ukarimu. Lengo ni dogo kiasi cha kuenea kiganjani. Jibu liko kwenye ncha za vidole: gurudumu likikata vizuri utasikia mtetemo mkavu wenye mlio mmoja, likiteleza utasikia kimya. Na ugumu unaupanga mwenyewe kwa kuchagua jiwe.

Mwanagenzi alijinyima lile la pili bila kujua. Kwa kutazama jiwe lililolowa, alijinyima jibu kwenye kila gurudumu kuanzia la kwanza. Majibu yote yalimjia kwa pamoja, kwenye ngozi, alipokuwa amechoka na ameshajiona amemaliza. Hakuna atakayebaki mtulivu hapo. Kumwambia apumue kwa kina ni kumwonea. Anachohitaji ni kitambaa kikavu.

Lengo nalo liliteleza. "Kumaliza kidani" si lengo la jioni moja. "Kufuta kila mstari wa namba 220" ni lengo, na lina mwisho unaoonekana. Anayekata kwa ajili ya kupumzika aache kazi mwishoni mwa gurudumu, asiache katikati, kwa sababu jiwe lililoachwa likiwa limekamilika kwenye 280 linaweza kungoja mwezi mzima bila kukudai chochote.

Mwili pia una neno lake. Viwiko vikae juu ya kitu, mikono isielee. Kiti kiwe kwenye kimo ambacho sehemu ya gurudumu unayosagia iko sawa na kiwiko au chini kidogo. Mabega yakipanda, vidole vinatetemeka, na mtetemo unaandikwa kwenye kuba kama vibapa vidogo vingi. Nguvu inayotakiwa ni ndogo: ukiona ncha za vidole zinageuka nyeupe, umezidisha.

Na vumbi halina mjadala. Akiki ni silika, na vumbi laini la silika likiingia mapafuni huleta silikosisi, ugonjwa usio na tiba ya kuuondoa. Kila hatua iwe na maji, barakoa ya kuchuja vumbi ivaliwe, na tope lifutwe likiwa bichi. Tope likikauka juu ya meza na ukalifagia, umelirudisha hewani vumbi lote ulilojitahidi kulizuia. Lisimwagwe kwenye sinki, linaganda kwenye mabomba.

Namna ya kulimaliza

Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kufungua bezeli kwenye kiungo, kupunguza milimita 1.6 na kulehemu upya. Inawezekana, lakini utepe umeshaungwa kwenye bamba, na kuubandua bila kuuyeyusha ni kazi ya mkono uliozoea moto. Ya pili ni kuiacha bezeli ilivyo, kuunyoosha utepe uliojikunja kwa kijiti cha mbao kutoka ndani (fedha tupu ni laini, itakubali), na kukata jiwe jipya la milimita 25 kwa 18 kutoka kwenye bapa lilelile. Wengi wangechagua ya kwanza kwa kuogopa kupoteza muda. Kwa mtu aliyenunua mashine ili apate jioni za kusaga mawe, hatuoni jioni mbili zaidi za kusaga zinapotezaje kitu.

Jiwe jipya lianze kwa namba 80 hadi milimita moja nje ya mstari, kisha 220 hadi kwenye mstari, ukuta wa milimita 1.5, kanda mbili za mshazari, kilele, kona ya kitako ivunjwe. Wino, taa, kitambaa. Hapo jioni imeisha. Jioni inayofuata iwe ya 280 na 600 pekee, na kama mistari ya 220 bado ipo, iwe ya 280 tu. Magurudumu yaliyobaki na ngozi ni ya siku nyingine, na yatakwenda haraka, kwa sababu yatakuwa hayana deni la mtu. Kitako hakihitaji kung'arishwa. Namba 280 inatosha, kitafichwa na bamba.

Safari hii jiwe ndilo litakalofuata bezeli, kwa hiyo kuanzia 220 lijaribishwe ndani yake, uzi ukiwa chini, na kusaga kukome pale linapoingia kwa kusukumwa na kidole kimoja bila kucheza. Kama linayumba, tazama kona ya kitako kabla ya kuulaumu utepe. Kufunga kunaanzia ncha mbili za urefu, zikitazamana, kisha pande mbili za upana, kisha katikati ya kila nafasi iliyobaki, kidogokidogo kwa kuvukana. Anayezunguka kwa mfululizo kutoka sehemu moja husukuma fedha yote ya ziada mbele yake hadi ikutane naye mwishoni ikiwa mkunjo. Mwisho utepe husuguliwa kwa chuma laini kilichong'arishwa hadi ukingo wake ulale juu ya jiwe na ukucha usipate pa kunasia.

Lile la zamani lirudishwe namba 220 na kupunguzwa hadi milimita 22 kwa 16. Hapo mistari ya ukingoni itaondoka yenyewe, kuba itachongwa upya na kile kiduara cha msumeno kitaisha, na unene uliopo unatosha.